Mchezaji wa Kuazimwa

Lusajo mwanangu,

Salamu tuziruke. Tumeachana mlangoni sasa hivi, umekula sahani mbili za ugali na ukaondoka na kipande cha samaki mkononi, kwa hiyo najua u mzima. Umekwenda mtaani Xiaobei kuwaaga wenzako, na mimi nimebaki na begi lako lililogoma kufungika. Nimelikalia, ndiyo naandika. Mimi wakala wa mizigo miaka yote hii hapa Guangzhou, nimefunga marobota ya watu wa Mbeya, Mwanza na Lubumbashi, halafu begi la mwanangu mwenyewe linanishinda.

Sitakuandikia habari za makoti wala za kula vizuri. Una akili, na Marekani kuna maduka. Wala sitakukumbusha kusali, maana siku utakapoona ukubwa wa wale wanaume watakaokukimbilia uwanjani utasali bila kukumbushwa na mtu.

Nataka kuongea nawe mpira. Najua, mama gani anamuaga mwanawe kwa habari za mpira. Lakini mpira ndio unaokuchukua, na mpira huo ndio ninaouogopa. Nimekuwa na hofu hii tangu mwaka jana, nikiimeza kila ulipokuwa ukicheka, na leo mchana pale uwanjani ulifanya kitu ambacho kimenifanya nishindwe kuimeza tena. Nitafika huko. Kwanza niache nizunguke kidogo, unanijua.

Unakumbuka tulivyoanza kuutazama huo mchezo wa Wamarekani? Jumapili asubuhi kabla ya ibada, kwao bado ni Jumamosi usiku, wewe umeegemeza kompyuta kwenye boksi la kandambili. Nilikuuliza mbona unaitwa mpira wa miguu na watu wameukumbatia kama mtoto mchanga. Ukasema, "Mama, subiri, atatokea mmoja wa kuupiga." Tukasubiri. Akatokea kijana mwembamba, jezi yake safi haina hata alama ya tope, akarushiwa mpira, akaupiga juu ukapotea kwenye taa, kisha akatoka zake. Ukasema, "Huyo ndiye mimi." Nilicheka hadi chai ikanipalia.

Mwalimu wako wa michezo, yule Mmarekani mwenye mfuko wa mipira yenye umbo la yai, alikuwa tayari amekurekodi ukiipiga kutoka upande mmoja wa uwanja wa shule hadi mwingine, akazituma video kwao. Vyuo viwili vikakutaka. Kimoja kilikuwa kidogo, kinacheza na majirani zake, wanakwenda kwa basi na kurudi siku hiyo hiyo. Cha pili ni hiki unachokwenda kesho. Kocha wake alituongelesha kwenye simu, ana sauti nzuri yule mtu, akasema chuo chake kimepanda na anataka vijana wa kupanda nao. Uso wako uling'aa.

Mimi sikuwa nimeelewa bado. Wewe ndiye uliyenielewesha. Vyuo vya kule, ulisema, vilikuwa vimejipanga kwa makundi ya majirani, wanayaita konferensi. Kila kundi lina wababe wake na vibonde wake, lakini kibonde anaweza kumtoa mbabe jasho, na mwaka ukiwa mzuri anamfunga kabisa. Halafu hela za televisheni zikaongezeka. Wababe wa kundi hili wakatazamana na wababe wa kundi lile, wakaona hakuna sababu ya kugawana na wadogo. Wakahama, wakaungana. Sasa chuo cha pwani ya magharibi kiko kundi moja na chuo cha pwani ya mashariki, na watoto wanavuka nchi nzima kwa ndege kwenda kucheza na watu wasiowajua hata kwa utani. Makundi yaliyokimbiwa yakabaki na mapengo, yakaanza kualika vyuo vya chini ili kuyaziba. Ndipo chuo chako kikaalikwa. Kikawaaga majirani zake wote, hata kile cha ng'ambo ya mto walichokuwa wakichuana nacho tangu enzi za mababu zao. Mechi hiyo haipo tena.

"Wamepanda, Mama," ulisema. "Sasa wanacheza na wakubwa."

"Na wao watamfunga nani?" nikauliza.

Ulijifanya unatengeneza waya wa kuchajia.

Msimu ule tuliutazama wote. Sheria zao sizijui hadi leo, lakini macho ninayo. Nikagundua kwamba yule kijana mwembamba hatokei ovyo. Anatokea wenzake wanaposhindwa. Wakijaribu kusogea wakakwama, anaitwa yeye aupige mpira mbali, ili wapinzani angalau waanzie mbali. Kwenye timu za wababe mpigaji huyo unaweza kumsahau, amekaa kwenye benchi amejifunika blanketi. Kwenye timu ya chuo chako alikuwa anaingia na kutoka, anaingia na kutoka, hadi nikamwonea huruma. Kuna mara moja jitu lilipenya katikati likamwangusha kabla mguu haujarudi chini. Alikaa kwenye nyasi muda mrefu ameshika goti. Ukaniambia, "Anapumzika tu."

Siku hiyo nilielewa kwa nini kocha mwenye sauti nzuri alikutaka sana.

Na nilielewa upesi kwa sababu mchezo huo mimi nilishaucheza, hapa hapa Guangzhou. Ulikuwepo, lakini ulikuwa mdogo na hukuwa kikaoni, kwa hiyo nikusimulie nilivyouona mimi niliyekuwa mwenyekiti.

Ligi yetu ya Jumapili ilikuwa na timu nane. Watanzania, Wakenya, Wakongo, Wanigeria, Waganda, Waguinea, wanafunzi wa vyuo, na ile tuliyoiita Mchanganyiko, ya wale ambao nchi zao hazikuwa na watu wa kutosha hapa: Mrundi mmoja, Wakomoro wawili, Mmalawi, Msomali, yeyote aliyetokea. Nilipewa uenyekiti kwa sababu mbili. Ofisi yangu ilikuwa na nafasi ya kuweka mipira na vizibao, na hakuna mwanamume aliyeweza kunizidi kelele.

Shida ya ligi ya wafanyabiashara ni kwamba timu haijai. Huyu amesafiri Dar na mzigo, yule yuko kiwandani anagombana na laoban, mwenye kiwanda, na ikifika msimu wa maonyesho ya biashara kule Pazhou unaweza kumkosa hata kipa. Ndiyo maana tulikuwa na desturi ya kuazimana. Timu ikiwa pungufu, wapinzani wake wanaiazimisha mtu, na kapteni wa timu pungufu anachagua mwenyewe, yeyote ampendaye isipokuwa kipa. Hakuna kumpa taka zako. Na aliyeazimwa anacheza kwa nguvu zote dhidi ya ndugu zake. Akilegea anasemwa wiki nzima, kuanzia saluni hadi kwa mama ntilie. Sikumbuki nani alianzisha desturi hiyo. Ninachojua ni kwamba kwa miaka yote ile hakuna mtu aliyejua nani atashinda Jumapili, na ndiyo maana watu walijaa.

Wewe ulipofika miaka kumi na minne ulikuwa mchezaji wa kuazimwa kuliko wote. Kapteni wa Mchanganyiko alikuwa Papa Bosco, Mkongo wa Bukavu aliyejitenga na timu ya Wakongo kwa ugomvi ambao hakuna aliyewahi kuuelewa. Kazi yake ilikuwa kufunga mizigo, na roli la gundi alilivaa mkononi kama bangili hata kanisani. Kila tulipocheza nao anapita mbele ya wachezaji wetu, anajifanya anafikiri, halafu anakunyooshea kidole. "Nipe huyu petit, huyu mdogo. Petit ana mguu." Anakuweka nyuma kabisa na kukuambia uupige mbali, mbali zaidi, hadi siku mpira ulipofika goli la upande wa pili. Lusajo, mguu unaokupeleka Marekani aliutengeneza Papa Bosco.

Sasa sikiliza. Tulikutana juu ya mgahawa mmoja pale Xiaobei, timu nne tu: sisi, Wakenya, Wanigeria, Waguinea. Tuliokuwa tunashinda mara nyingi kidogo. Aliyetuita ni Shirima, wakala mwenzangu, yule mrefu wa Moshi. Alikuwa amepata mfadhili wa jezi na uwanja mzuri wenye taa.

"Jamani tusidanganyane," Shirima akasema. "Watu wanakuja kutuangalia sisi. Hawa wengine wanatupunguzia ladha."

Kapteni wa Wakenya akadakia, "Si tujitenge tu? Manze, hao wasee wa Mchanganyiko hata jezi hawana."

Tukacheka, hata mimi. Nikasema na habari ya kuazimana iishe, mchezaji abaki na timu yake, tuwe na ligi ya watu wazima. Mkono wangu ndio ulionyooka wa kwanza. Ningependa kukuambia kwamba mle ndani kulikuwa na mtu mwenye roho mbaya, lakini hakuwepo. Kila mmoja alikuwa na sababu nzuri, na mtu ambaye angeziharibu sababu zetu kwa kukaa tu pale akitutazama, hatukumwalika.

Kesho yake Papa Bosco alikuja ofisini. Hakukaa.

"Maman Lusajo, na siye tutafanya je? Tutacheza na nani?"

"Tafuteni wenzenu wa kiwango chenu," nikamwambia.

"Wenzetu ni nyinyi, Maman."

Unajua nilimjibu nini? Nilimjibu yale maneno wanayotujibu wenye maduka kule sokoni Zhanqian tukiwabana kwenye bei, maneno ambayo kila mmoja wetu amewahi kutoka nayo dukani amejaa hasira. Mei banfa, Papa Bosco. Hakuna namna. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei, akaondoka.

Miezi ya mwanzo ilikuwa raha. Jezi zinang'aa, taa, refa mwenye filimbi ya kweli. Ila kwenye timu nne lazima mmoja awe wa mwisho, na hilo hakuna aliyelifikiria, kwa sababu kila mmoja aliingia akijua yeye ni mbabe. Tukaanza kuwa wa mwisho sisi. Jumapili moja nusu ya vijana wetu walikuwa safarini, tukaingia uwanjani pungufu, na hapakuwa na wa kumwazima. Sheria tulikuwa tumeitunga wenyewe. Walitufunga hadi wakaacha kushangilia. Jumapili iliyofuata hivyo hivyo, na iliyofuata. Watazamaji wakapungua, maana nani atoke kwake kuangalia kitu anachokijua. Mfadhili akatafuta shughuli nyingine. Baada ya muda Waguinea wakajitoa, na uwanja wa taa ukatushinda.

Na timu zile nne tulizoziacha zilikuwa zimekufa kabla yetu. Zilijaribu, zikacheza zenyewe kwa zenyewe mpaka wakachoka kuonana.

Siku moja nilihitaji mtu wa kufunga marobota, nikauliza Papa Bosco yuko wapi. Mmoja akasema yuko Foshan. Mwingine akasema amerudi Bukavu. Mama mwenye duka la simu kadi alisema chumba chake kina mtu mwingine, Mchina, muda sasa. Nikauliza ameondoka lini, na katika Xiaobei nzima, ambako mtu akinunua soksi habari zinafika, hakuna aliyejua. Zamani pengo lake lingeonekana Jumapili ile ile. Kapteni wa Mchanganyiko hajafika, haya, nani anakwenda kugonga mlango wake? Sisi tulikuwa tumeondoa siku ya kumkosa. Mpaka leo sijui kama alikuwa mgonjwa, kama alikamatwa, kama alisafiri salama. Linaniuma, na sitakudanganya kwamba limeanza kupoa.

Hayo ndiyo niliyokuwa nikiyaona kwenye kompyuta yako Jumapili asubuhi. Wale wababe wa kule nao wamekaa juu ya mgahawa wao. Wamewaacha vibonde wao wa zamani, wamekuta wao kwa wao kila mtu anataka kushinda, na sasa wanahitaji mtu wa kumfunga. Wakatuma mwaliko. Chuo chako kikaona ni heshima. Kile cha ng'ambo ya mto, ulinisomea mwenyewe, kimeanza kuzungumzia kufuta timu yake.

Sasa nije kwenye leo. Ulitaka kuaga kwa mechi, tukatangaza, wakaja wachache. Mlinzi wa uwanja, Lao Chen, alisimama na funguo zake akatuhesabu kwa macho, akasema, "Ren tai shao." Watu wachache mno. Alisema bila kejeli, kama daktari. Tukagawana vizibao, upande wenu mkawa na vijana wote wenye pumzi, upande wa pili ukawa pungufu mtu mmoja na wengine matumbo mbele. Mkawafunga, mkawafunga tena. Mimi nimekaa kwenye ndoo yangu napiga kelele za bure.

Halafu ukausimamisha mpira kwa mguu. Ukavua kizibao. Ukavuka mstari wa kati ukaenda kusimama nyuma yao kabisa, pale Papa Bosco alipokuwa akikuweka, na ukaupiga mpira mbali. Hakuna aliyekuomba. Desturi hiyo imekufa miaka kadhaa, sikujua kama unaikumbuka. Mkafungwa hata hivyo, na ulikuwa unacheka, jasho linakutoka, na Shirima, yule yule Shirima, akageuza uso akajidai anaongea na simu.

Nilifurahi hadi machozi, usidhani ni jua. Kisha hofu ikanishika pale pale kwenye ndoo. Kule unakokwenda hutaruhusiwa kuvuka, baba. Utakuwa upande unaozidiwa, Jumamosi baada ya Jumamosi, na hakuna atakayevuka kuja kwenu. Na juzi umeniambia, huku unapanga soksi, kama vile ni habari ya hali ya hewa, kwamba kocha mwenye sauti nzuri ameshahama. Amechukuliwa na mmoja wa wababe. Huyo anayekuja hakukuchagua, na huenda anakuja na mpigaji wake. Ukasema ufadhili ni wa chuo, si wa kocha, usijali Mama. Nimeisoma ile karatasi. Inasema unatazamwa upya kila mwaka.

Na kurudi hapa huwezi. Umeshatimiza umri, kibali chako cha kukaa hapa kama mtoto wangu kinaisha unapoondoka, unajua. Hata changu, nilipokwenda wiki iliyopita, yule binti wa dirishani aliyezoea kunitabasamia alizipindua karatasi zangu mara mbili, akasema nirudi tena baadaye na karatasi nyingine. Sikukuambia kwa sababu ulikuwa na furaha.

Sikuandikii ubaki. Umechagua, na chuo kile kidogo kimeshampata mwingine. Nenda ukapige mpira. Lakini siku watakapokuita ofisini wakakuambia kwa sauti nzuri kwamba hakuna namna, ujue hayo maneno nilishayatamka na mimi, na nilikuwa na namna tele. Usiyaamini. Simama pale, uliza, kaa kwenye kiti chao hata kama hawajakukaribisha. Papa Bosco hakukaa.

Na baada ya kila kipigo, kwenye hiyo ndege ya kurudi, watazame wenzako kiti kwa kiti ujue nani hayupo. Asiyekuwepo muulizie siku hiyo hiyo. Hilo ndilo pekee ninalokuagiza.

Nami nitakutazama hivyo hivyo. Nipigie kila Jumapili, kwako itakuwa bado Jumamosi, baada ya mechi, hata kama huna la kusema, hata kama umefungwa hadi huna sauti. Usipopiga sitasema labda amechoka. Nitaanza kugonga milango kutoka huku. Na Jumapili nitakayokosa kupokea mimi, Lusajo, usiseme labda Mama yuko sokoni. Piga kwa Shirima, piga kwa mchungaji, piga kwa mama wa simu kadi. Usiache wiki ipite, mwanangu.

Begi limefungika. Nimetoa koti moja, nimeacha viatu vya leo, bado vina zile punje nyeusi za raba za uwanja wa Lao Chen.

Sikutoi kwa hao watu. Nimekuazimisha tu.

Mama yako